Msitu Katika Bamba: Maumbile katika Chapa za Bruce Onobrakpeya

Uhakiki wa sanaa za Afrika umezoea kuyaweka maumbile pembeni. Mti, mto na ndege huhesabiwa kuwa mandhari, yaani mahali tu ambapo binadamu hutendea mambo yake. Na vikirudiwarudiwa mchoroni huitwa mapambo. Chapa za Bruce Onobrakpeya, msanii wa Nijeria aliyezaliwa mwaka 1932 huko Agbarha-Otor katika nchi ya Waurhobo, zinaukaidi mtazamo huo. Katika kazi zake maumbile ni mhusika. Aidha, uhusika huo haukuletwa na dhamira peke yake: umezaliwa na fani yenyewe.

Yafaa kwanza kukumbuka alikotoka. Onobrakpeya alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa chuo cha Zaria walioanzisha chama chao cha sanaa mwaka 1958, pamoja na Uche Okeke na Demas Nwoko. Vijana hao hawakutaka kuiga sanaa ya Ulaya kwa upofu, wala hawakutaka kujifungia katika jadi. Walitaka kuchagua yaliyo mema ya pande zote mbili na kuyaunganisha. Katika miaka ya 1960 Onobrakpeya alihudhuria semina za Mholanzi Ru van Rossem, na huko akajifunza kupiga chapa kwa bamba la madini lililoliwa na asidi.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Bamba la zinki hupakwa nta isiyopenywa na asidi. Msanii huchora kwa sindano, akiikwangua nta mpaka zinki ionekane, kisha bamba hutiwa katika asidi, nayo hula pale tu palipokwanguliwa. Wino hujazwa katika mifuo iliyochimbika, bamba hufutwa, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, na vyote hupitishwa baina ya rola nzito za mashine. Ni dhahiri kwamba sehemu ya kazi hii hufanywa na kitu ambacho mkono wa msanii hauwezi kukitawala kikamilifu. Asidi ikikaa kitambo tu kupita kiasi, mstari hupanuka au bamba huharibika.

Mwaka 1967 ndivyo ilivyotokea. Asidi ya haidrokloriki ilimharibia Onobrakpeya bamba. Mwingine angelitupa, yeye alilitengeneza kwa gundi, na jaribio hilo likamfungulia njia ya fani aliyoiita plastografu, ambayo huchimba bamba kwa kina kirefu hata karatasi ikatoka na mabonde na miinuko. Hapo ndipo fani na maudhui yanapokutana. Mtazamaji wa chapa hizo haoni picha ya ardhi tu: karatasi yenyewe imepata sura ya ardhi, yenye migongo na mifereji inayoweza kufuatwa kwa kidole.

Hata hivyo ufunguo wa kuyaelewa maumbile ya Onobrakpeya unapatikana katika kazi isiyo ya asidi. Mwaka 1968 ilichapishwa tafsiri ya Kiingereza ya Wole Soyinka ya riwaya ya D. O. Fagunwa, Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale, iliyotoka kwa Kiyoruba mwaka 1938. Michoro yake ilitiwa na Onobrakpeya. Hapo palikuwa na kazi mbili za kufasiri kwa wakati mmoja. Soyinka aliutoa msitu wa Fagunwa katika Kiyoruba akautia katika Kiingereza. Onobrakpeya, ambaye ni Murhobo, aliutoa katika maneno akautia katika mstari. Msitu huo una wenyewe. Mwindaji anayeingia humo huingia katika milki ya wengine, naye hana budi kujieleza. Michoro inalishika jambo hilo: viumbe wa msituni na majani yaliyowazunguka vimefumwa kwa nakshi za aina moja, hata ikawa vigumu kusema kiumbe kinaishia wapi na kichaka kinaanzia wapi.

Wazo hilo lilikomaa katika chapa na picha alizozikusanya chini ya jina la alama za misitu ya wahenga, kuanzia mwaka 1978 hadi katikati ya miaka ya 1980. Msitu sasa ni mahali pa wajibu, na mti ni shahidi wa agano. Msomaji wa Kenya anayezijua kaya za Wamijikenda hatahitaji maelezo marefu. Katika kipindi hichohicho msanii alibuni mfumo wa alama aliouita Ibiebe, uliojengwa juu ya urithi wa Waurhobo, na hivyo maandishi na majani vikawa majirani katika bamba moja.

Hapana budi lakini kuutaja upungufu. Onobrakpeya haachi nafasi tupu. Katika msitu, ujazi huo una maana, kwa kuwa msitu wenyewe umejaa. Katika kazi za miaka ya 1980 alizoziita vinyago vya Saheli, zinazohusu kuharibiwa kwa mazingira, ujazi huohuo unageuka kuwa kikwazo. Jangwa ni habari ya kutokuwapo: mti uliokatwa, kisima kilichokauka, mifugo isiyorudi. Nakshi zinazotapakaa kila pembe huifanya hasara ipendeze kama sherehe. Jicho linafurahi mahali ambapo lilipaswa kushtuka.

Kasoro hiyo haiipunguzi kazi nzima, inathibitisha hoja. Iwapo maumbile yangekuwa pambo tu, wingi wa nakshi usingemdhuru mtu. Unadhuru kwa sababu Onobrakpeya mwenyewe ametufunza kuutazama mti kama mhusika, na mhusika akifa msomaji hutaka kuliona pengo lake. Tangu mwaka 1998 msanii huyo amewakusanya wasanii wenziwe Agbarha-Otor katika semina za Harmattan. Kwa wanafunzi wa fasihi, funzo lake ni jepesi kutajwa na zito kutekelezwa: kabla ya kuuliza msitu unapamba nini, na iulizwe msitu ni wa nani.