Unukuzi, Unakili na Ile Iitwayo "Jeni ya Lugha"

Mwaka 2001 Cecilia Lai na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba jeni iitwayo FOXP2 ilikuwa na kasoro katika ukoo mmoja wa London, ambao takriban nusu ya watu wake wa vizazi vitatu walipata taabu kubwa ya kutamka na kuunda sentensi. Magazeti yaliibandika jina la "jeni ya lugha", na mfasiri wa Kiswahili huvutwa kulichukua kama lilivyo. Jina hilo halifai, na kosa lake ni la kiistilahi kabla ya kuwa la kibiolojia.

Jeni hiyo huzaa protini ambayo hushika sehemu maalumu za DNA na kuamua jeni nyingine zinukuliwe kwa kadiri gani. Yenyewe hainukuu, kazi hiyo ni ya kimeng'enya kingine. Kuiita "kipengele cha unukuzi", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, ni kumwacha msomaji adhani kuwa hiyo ndiyo karani. Mkulima wa ngano wa Mau Narok angeelewa upesi zaidi kwa mfano wa kombaini na nyapara: kombaini ndiyo ivunayo, lakini nyapara ndiye asemaye shamba lipi livunwe leo na lipi liachwe. Tena FOXP2 ni nyapara wa kukataza kuliko kuruhusu. "Protini simamizi ya unukuzi" ni istilahi ndefu, lakini haidanganyi.

Kuna pia mchafuko wa vitenzi. DNA hutoa DNA nyingine iliyo sawa nayo. Hapo pana unakili, kama mwandishi wa Siyu alivyoinakili Kurani kwa hati ile ile. Ujumbe wa DNA unapohamishiwa kwenye RNA, kazi hufanana zaidi na kuutoa utenzi katika hati za Kiarabu na kuuandika kwa za Kirumi. Huo ndio unukuzi. Lugha yenye maneno mawili haina haja ya kuyatumia kiholela. Tafsiri huja baadaye, protini inapoundwa.

Maabara hutengeneza FOXP2 ya binadamu ndani ya bakteria waliopandikizwa jeni hiyo, ili watafiti wa ubongo wapime inavyoshika DNA. Kuiita "protini bandia" ni kuikosea. Insulini ya binadamu itengenezwayo kwa njia hiyo, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982, si bandia kwa mgonjwa wa kisukari. "Protini ya jeni pandikizi" yatosha.

Mtoto wa Mau Narok asikiaye Kigikuyu nyumbani, Kimaasai mnadani na Kikalenjin kwa jirani huzipata lugha hizo kwa masikio. Hakuna protini iliyomchagulia moja. Lakini mwalimu aliyefundishwa kwamba ipo "jeni ya lugha" amepewa sababu nyepesi ya kumkatia tamaa mtoto mzito wa kusema, ilhali watu wa ukoo ule wa London, ambao asidi amino moja tu, ya 553, ilibadilika katika protini yao, walisema Kiingereza chao, kwa taabu, maisha yao yote.