Firefox ya Snap Haifai Nyumba Inayoishi kwa Bando

Tarehe 21 Aprili 2022 Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilitoa Ubuntu 22.04 ikiwa imeitoa Firefox ya deb, pakeji ya kawaida inayowekwa kwa apt, kwenye repo yake na kuweka snap, aina ya pakeji ya Canonical yenyewe, mahali pake. Uamuzi huo ulikuwa mbovu siku hiyo na ni mbovu hadi leo. Kwa kompyuta ya nyumbani katika mji kama wetu, unatosha peke yake kuiweka Ubuntu kando. Nayasema haya mapema ili anayetaka kubishana aanzie hapo hapo.

Naurudia mjadala kwa sababu Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na deskitopu nyingi zilizoko majumbani hapa Malangali, Sumbawanga, haziwezi kupanda Windows 11. Hazina TPM 2.0, na prosesa zake ni za kabla ya kizazi cha nane cha Intel. Mnazijua: OptiPlex na HP zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya, zikashushwa Dar es Salaam, zikapakiwa kuja Sumbawanga kwa barabara ya Tunduma. RAM ni GB 4, diski ni ile ya kuzunguka, na intaneti ni hotspot ya simu ya mmoja wa wanafamilia. Mafundi wa mjini wameanza kuzipigia Linux, na hilo ni jambo jema kabisa. Tatizo ni kwamba wengi wanapiga Ubuntu 24.04 kwa kuwa ndilo jina wanalolijua, halafu mwenye kompyuta anabaki akiuliza bando lake la wiki limeishia wapi wakati alifungua ukurasa wa matokeo ya NECTA tu.

Tuutazame uamuzi wenyewe polepole, maana namna ulivyotekelezwa ni mbaya kuliko uamuzi. Canonical ingeweza kusema wazi kwamba Firefox haipo tena kwenye apt na anayeitaka atumie snap. Haikufanya hivyo. Iliacha pakeji inayoitwa firefox ndani ya repo, ukiandika apt install firefox inakubali kama kawaida, inashusha kideb kidogo kisicho na kivinjari ndani yake, na kazi ya kideb hicho ni kumwita snapd, programu inayosimamia snap, aje na Firefox yake. Mtumiaji ameomba deb, amepewa snap, na hakuulizwa kama anaitaka. Amri ya apt tuliyoiamini tangu enzi za Debian za mwanzo, kwamba itaweka kile ulichokitaja na itakuonyesha ukubwa wake kabla hujabonyeza Y, iligeuzwa mlango wa nyuma.

Kisha itazameni namba ya toleo waliyokipa kideb hicho: 1:1snap1. Ile 1 iliyo kabla ya nukta pacha si pambo. Apt inapolinganisha matoleo huanza na namba hiyo, na ikiwepo, chochote kilicho baada yake hakina uzito mbele ya pakeji isiyo nayo. Maana yake ni kwamba Firefox halisi ya deb, iwe ya 100 au ya 140, itaonekana ni ya zamani kuliko kideb kitupu. Hata ukiongeza repo ya Mozilla, apt itaendelea kuchagua snap mpaka uandike faili la preferences lenye Pin-Priority ya 1000 au zaidi. Mhandisi aliyeweka namba ile alijua anachokifanya. Alihakikisha anayetaka kurudi nyuma asirudi kwa urahisi, na mimi sioni sababu ya kiufundi ya kumtetea.

Sasa lileteni jambo hilo kwenye hotspot ya simu. Snapd kwa kawaida yake hukagua seva mara nne kwa siku, na ikikuta toleo jipya hulishusha yenyewe, kimya, nyuma ya pazia. Mozilla hutoa Firefox mpya kila baada ya wiki nne, na katikati ya hapo kuna marekebisho madogo. Snap ya Firefox peke yake ina zaidi ya megabaiti 200. Haiji peke yake, kwani inategemea snap ya msingi na nyingine ya gnome yenye mamia ya megabaiti, nazo zina masasisho yake. Delta, yaani kushusha tofauti za matoleo tu, zinapunguza mzigo, nakubali. Lakini mtu aliyewasha kompyuta saa moja jioni ajaze maombi ya mkopo wa HESLB kabla dirisha halijafungwa, bando lake si la kuchezewa, delta au si delta. Aliyelipia ndiye mwenye haki ya kusema lini litumike.

Mtaniambia ipo amri ya snap refresh --hold. Ipo, lakini iliingia mwishoni mwa 2022, miezi kadhaa baada ya watu kushurutishwa. Kabla ya hapo uliweza kuahirisha kwa muda tu, na muda ukiisha snapd inaendelea na safari yake. Ipo pia njia ya kuizuia kwenye mtandao wa kupimwa kama hotspot, ila lazima kwanza ujue kwamba ipo. Familia inayotumia kompyuta kwa NECTA, HESLB na Ajira Portal haipaswi kujifunza amri za terminali ili ilinde megabaiti zake. Hiyo ni kazi ya mtengeneza mfumo, na alitakiwa kuimaliza kabla mfumo haujatoka.

Kasi nayo iliumia. Snap ni faili lililobanwa ambalo mfumo hulifungua kila unapoiita programu, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo unaiona kwa macho: unabonyeza Firefox, unasubiri, unabonyeza tena ukidhani hukubonyeza. Canonical wenyewe walitumia sehemu kubwa ya 2022 wakirekebisha, wakabadilisha mbano kwenda LZO, wakashughulikia suala la vifurushi vya lugha vilivyokuwa vikichelewesha ufunguzi wa kwanza. Kazi hiyo ilikuwa nzuri. Ilifanywa baada ya bidhaa kuwafikia watu kwenye toleo la LTS, lile ambalo kila mwongozo unalipendekeza kwa asiye fundi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni flashi. Huku programu husafiri kwa flashi, na deb ilikuwa rafiki wa flashi. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri hushusha kwa apt-get -d, faili zote zinalala kwenye /var/cache/apt/archives, anazinakili, na nyumba tano za mtaa zinasasishwa bila kuchoma bando jingine. (Tumieni apt-get, si apt, maana apt hufuta deb zake ikimaliza kuziweka.) Taasisi yenye seva ndogo inaweza hata kuweka nakala ya repo nzima, kwa sababu muundo wake uko wazi na hauna mwenyewe. Snap ina njia yake ya kushusha na kubeba, pamoja na faili la uthibitisho na msingi wake wote, na mzigo unakuwa mzito mno. Halafu duka la snap ni moja, la Canonical, na programu inayoliendesha upande wa seva imefungwa. Mfumo huria umewekewa lango ambalo funguo zake anazo mtu mmoja. Nimekuwa nikilisema hili tangu snap ilipoanza na sitaacha.

Kwa upande wa pili wa mizani: snap huzungushiwa uzio wa AppArmor, na umeme ukikatika katikati ya sasisho hurudi kwenye toleo lililokuwa likifanya kazi, faida ya kweli katika mkoa ambao kwa miaka mingi umeme wake umevushwa kutoka Zambia. Ni kweli pia kwamba Mozilla waliunga mkono hatua ile. Ila Mozilla hao hao Januari 2024 walifungua repo yao ya deb, kwa hiyo hoja kwamba deb haikuwezekana imekufa.

Waliokuwepo wanaikumbuka Ubuntu nyingine. Toleo la kwanza, 4.10, lilitoka Oktoba 2004. Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini aliyekwisha kwenda anga za juu mwaka 2002, alielewa kwamba sehemu kubwa ya dunia haina intaneti ya kushushia mfumo, akaanzisha ShipIt: unajaza fomu, CD zinakuja kwa posta bure, na stempu kalipa yeye. Mfumo mzima pamoja na programu za ofisi ulibanwa uingie kwenye CD moja ya megabaiti 700, na timu ilipigania kila megabaiti. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia. ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Toleo la 12.10 likavuka ukubwa wa CD. Leo ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na 2012, walipopeleka utafutaji wa ndani ya kompyuta yako kwa Amazon bila idhini yako, na 2017, walipoacha kutoa ISO ya deskitopu ya biti 32 wakati Pentium 4 zilikuwa bado zinafanya kazi katika shule zetu. Uamuzi wa Firefox ulitoka kwenye ukoo huo.

Na mwaka ule ule wa 2004, mwezi Desemba, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na IT46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu wale walianza na mtumiaji: anasoma lugha gani, ana mashine gani, ataipataje programu. Walikaa wakabishania istilahi mpaka menyu ikasomeka. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, ni timu gani kubwa inayoanza na maswali hayo?

Iko moja inayokaribia. Mwaka 2020, Ubuntu ilipokuwa imeshafanya mchezo huu huu kwa Chromium, Clement Lefebvre wa Linux Mint alikataa. Mint 20 ilitoka Juni mwaka huo na faili dogo, /etc/apt/preferences.d/nosnap.pref, linaloizuia apt kumwingiza snapd bila mwenye kompyuta kujua. Halikumnyima mtu snap, kwa kuwa anayeitaka anafuta faili na kuendelea. Lilirudisha swali kwa mwenye mashine. Aliliona kosa miaka miwili kabla halijaifikia Firefox, na aliposimama peke yake wapo waliomwita mkaidi.

Mint 22, iliyotoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 hiyo hiyo. Kerneli, madereva ya Wi-Fi na repo kubwa ya deb vyote vipo, na hapo wahandisi wa Canonical wanastahili shukrani. Kilichobadilishwa ni pale palipoharibika: Firefox ni deb, Thunderbird ni deb, Chromium wanaijenga wenyewe. Update Manager yake inaorodhesha kila sasisho na ukubwa wake, na hadi umebonyeza mwenyewe haishushi sasisho. Kwa Timeshift unaweza kuweka picha ya mfumo kabla hujasasisha, kwa hiyo hata ile faida ya kurudi nyuma umeipata. ISO ya Xfce iko chini kidogo ya GB 3, nusu ya ile nyingine. Cinnamon ni nzuri, lakini kwa GB 4 na diski ya kuzunguka chagueni Xfce. Ndugu zangu wa KDE mtanisamehe.

Mashine yenye GB 2 iwekewe Debian na LXQt. Ya biti 32 inabaki na Debian 12 au antiX, kwa sababu Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena installer ya i386. Na wanaohofia kwamba siku moja Ubuntu itazibana hata repo ambazo Mint inazitegemea, wajue kuwa LMDE ipo: Mint ile ile juu ya Debian, bila Ubuntu katikati.

Mafundi wa Sumbawanga, shusheni ISO mara moja, hakikisheni sha256sum, muiweke kwenye flashi na mnakiliane. Kabla ya kugusa diski ya mteja, washeni kwa live na mjaribu Wi-Fi, sauti na printa mbele yake. Kwa aliyekwisha kupigiwa Ubuntu na hataki kuanza upya, mwekeeni repo ya Mozilla na faili la preferences, kisha muiondoe Firefox ya snap, na kwa snap nyingine zilizobaki endesheni snap refresh --hold kabla hamjamkabidhi mashine. Anayeanza leo na deskitopu ya GB 4 apigiwe Mint 22 Xfce. Itahudumiwa hadi 2029.