Kulala Kifudifudi Tshangalele

Ziwa Tshangalele ni kazi ya mikono ya watu. Liko upande wa mashariki wa Likasi, Katanga, kama kilomita 100 kutoka Lubumbashi, na lilizaliwa pale kampuni ya migodi ya Union Minière ilipouzuia mto Lufira kwa bwawa la Mwadingusha ili mitambo ya shaba ipate umeme. Kituo cha umeme hapo kilianza kazi mwaka 1930. Maji ya ziwa hayana kina kirefu, na kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo yanavyorudi nyuma na kuacha tope jeusi, mafunjo yaliyolala na vidimbwi vilivyojaa wadudu. Huko Ulaya wakati huo joto linaaga. Katanga ni vumbi, upepo, na moshi wa nyasi zinazochomwa porini. Ndipo wageni wa tope wanapotua.

Si ndege wa kujionyesha. Chekeamwezi wa jamii ya Tringa glareola, mwenye mgongo wa kahawia na madoa hafifu, hutoka kwenye vinamasi vilivyoenea toka Skandinavia hadi Siberia. Chamchanga mdogo, Calidris minuta, ana uzito wa gramu 25 hivi, naye katokea Aktiki. Ukimpiga picha umesimama, unapata nukta ya kahawia juu ya tope la kahawia.

Kwa hiyo mpiga picha hulala. Kamera huwekwa juu ya kikaango cha zamani, husukumwa polepole kwenye tope, na lenzi ya milimita 500 au 600 ikalingana na jicho la ndege. Hapo tope la mbele na la nyuma huyeyuka, na katikati hubaki kiumbe mwenye sura, mwenye shughuli zake. Kasi ya 1/2000 ya sekunde humnasa akiwa mguu mmoja hewani. Lakini mitambo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kazi nzito ni kujua maji yatakuwa wapi kesho, na hilo mwenye kulijua ni mvuvi. Mpiga picha mwenye akili huanza safari kwa kumwamkia mzee wa mitumbwi, si kwa kufungua begi.

Kisha anangoja. Ndege anayekula hufuata ukingo wa maji, na mtu asiyetikisika kwake ni gogo tu. Atakaribia mwenyewe mpaka lenzi ishindwe kumlenga. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, karibu na mwaka 1900, walijificha ndani ya ng'ombe bandia aliyevikwa ngozi halisi ili wapige ndege picha. Tope halidai maigizo makubwa hivyo. Linadai kuwahi: ikifika saa nne asubuhi, hewa iliyopata joto hucheza juu ya tope na kila unyoya unatetemeka pichani.

Picha nzuri ina zaidi ya uzuri. Manyoya ya mgongoni yakiwa mapya, yenye kingo angavu zilizopangika, huyo ni kinda wa mwaka huu. Yakiwa yamechakaa, ni mzazi. Wakubwa wa jamii nyingi hutangulia, makinda wakafuata bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Na safari yenyewe si fupi: mwaka 2011 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba Gallinago media, ndege wa ukoo huohuo, huruka kutoka Sweden hadi Afrika ya kati, kilomita 4,300 hadi 6,800, kwa siku chache tu.

Lubumbashi ni mji uliozoea picha. Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, alizipatia dunia sura za magofu ya migodi, na tangu 2008 kituo cha Picha kinawakutanisha wasanii. Ndege wa Tshangalele nao wamo katika historia hiyohiyo ya shaba, ingawa ni nadra kuwaona ukutani. Pengine sababu ni karatasi: hapa lenzi ndefu huzua maswali, hasa karibu na bwawa la umeme, na barua ya ruhusa inafaa itoke mfukoni kabla ya kamera.

Mvua za Novemba huosha moshi, ziwa hupanda, na ndege hutawanyika kwenye dambo, yale mabonde ya nyasi yanayolowa maji. Machi na Aprili chamchanga huanza kuvaa wekundu kabla ya kurudi kaskazini, na mwanga ni safi kuliko wa Septemba, ila tope la kulalia limezama. Msimu huo ni wa mtumbwi, na mpiga kasia alipwe vizuri, maana akiyumba yeye, picha nayo imeyumba.