Mgeni Mbele ya Fuvu: Lugha ya Kukaribisha, kutoka Unguja hadi Kalenga

Tarehe 6 Juni, 2020, Zanzibar ilifungua tena milango yake kwa watalii. Tanzania Bara ilikwisharuhusu ndege za kigeni tangu tarehe 18 Mei. Hofu ya maradhi ilikuwa haijatoka vifuani mwa watu, ila njaa nayo ilikwishabisha hodi. Visiwa vilivyopokea wageni 538,264 mwaka 2019 viliumaliza mwaka 2020 na wageni 260,644, na upungufu huo ulihesabiwa majikoni mwa wapishi, ngalawani mwa manahodha na mikobani mwa wapakaji hina. Kwa hivyo hapana wa kumlaumu aliyepaza sauti kuwaita wageni. Linalofaa kuhojiwa ni maneno aliyowaitia.

Maneno yenyewe yalikuwa yale yale. "Jambo", neno ambalo Mswahili hamwambii Mswahili mwenziwe ila kwa mzaha, lilirejea kazini bila ya kubadili hata kanzu. Shairi kuu la aina hii ni wimbo "Jambo Bwana", uliotolewa na kundi la Them Mushrooms la Mombasa mwaka 1982. Ni ufundi mdogo wenye nguvu kubwa: humfunza mgeni lugha kwa dakika chache na kumtuliza moyo. Wepesi wake si kasoro, kwani wepesi ni sifa ya wimbo. Kasoro ni kwamba mwenyeji aliyemo ndani yake hana jana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ushairi wa hoteli mwenyeji haumwi, basi apone nini?

Mpenzi wa ushairi akitaka kipimo cha lugha hiyo, asikitafute ufukweni. Akitafute Kalenga, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Iringa, kwenye njia ipitwayo na watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha. Hapo ilisimama ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyoangushwa na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Na jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Hapo pana makumbusho madogo, na ndani yake mna fuvu.

Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza kirejeshwe, na fuvu likarejea mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Inasimuliwa kwamba Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kupima mafuvu na kutafuta tundu la risasi. Wako wanaotilia shaka kama ndilo. Aghalabu shaka hiyo huonwa kuwa doa katika kisa, jambo la kunong'onwa nje ya mlango. Kwa hakika ndiyo beti kali kuliko zote: aliyekata vichwa alivikata vingi hata asijue tena kipi ni cha nani, na mafuvu yaliyobaki rafuni hayakuwa na kifungu cha kuyatetea.

Wala Kalenga si mbali na pwani kama ramani inavyodai. Emil von Zelewski, aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891, ndiye yule yule aliyewachokoza watu wa Pangani mwaka 1888. Vita vilivyofuata huko Mrima vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Mshairi huyo wa pwani aliwaona wageni wakishuka na bendera yao, naye hakuwatungia tabasamu. Aliandika vita, na mgeni akapewa jina na vitendo vyake. Baina ya utenzi ule na wimbo wa hoteli haujapita hata mwaka wa mia, na mwenyeji ameshapokonywa ulimi.

Hatari iko Kalenga pia. Fuvu laweza kugeuzwa kituo cha dakika ishirini kabla ya tembo, na msiba ukawa kiburudisho cha njiani. Lakini pale angalau maneno ya kumtuliza mgeni hayasemeki. Mjerumani aliyesimama mbele ya kioo kile hawezi kuambiwa kwamba hapana shida, na pengine hakuja kuambiwa hivyo.

Udhuru wa njaa nao umepungua. Tanzania ilipokea watalii 620,867 mwaka 2020. Mwaka 2023 walifika 1,808,205, zaidi ya wale wa 2019. Mshairi anayeombwa leo beti za kipeperushi ana nafasi ya kuchagua. Wahehe wana salamu yao, "kamwene", wanayopeana wao kwa wao. Kipeperushi cha Iringa kikianza na hiyo, kisha kikautaja mwaka 1894 kabla ya kumtaja tembo, mgeni atajua amebisha hodi kwenye nyumba yenye watu.