Rauta ya redio pwani ya Lindi: hesabu njia kabla ya kuchomeka waya

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na mvua zake zikaielemea wilaya ya Kilwa. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika Somanga na sehemu nyingine za wilaya hiyo. Mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, mikongo miwili ya intaneti inayopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ikakatika, na intaneti ikazorota karibu nchi nzima.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, kwa fundi mitambo wa redio aliyeko Kilwa Masoko au Lindi mjini, yote mawili yaliuliza swali moja: sauti inayotoka Dar es Salaam inafika kwenye mnara wako kwa njia ngapi, na njia moja ikifa, nani anachagua iliyobaki hai?

Anayechagua ni rauta ya matangazo. Si ile inayogawa intaneti nyumbani. Hii ni mashine inayopokea sauti kutoka kwenye vyanzo vyote vya kituo na kuipeleka kila inakotakiwa: kwenye mtambo wa kurushia, kwenye kinasa, studio ya pili, au kwenye mkondo wa mtandaoni. Hoja yangu ni kwamba rauta haiongezi njia hata moja. Huchagua tu miongoni mwa zile ulizoipa. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuifunga hufanyika kabla fundi hajashika bisibisi.

Kwa nini kusini panahitaji njia nyingi

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, wasikilizaji wa kusini walifikiwa kwa masafa ya kati na masafa mafupi, na Nachingwea kulikuwa na mtambo wa masafa ya kati. Mawimbi ya aina hiyo hutambaa juu ya ardhi au hurudishwa na anga, kwa hiyo husafiri mbali. FM haiko hivyo. Antena iliyo mita 100 juu ya eneo tambarare hufika kilomita 45 hadi 50, kisha mviringo wa dunia huyakata mawimbi. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Kila mji unahitaji mtambo wake, na kila mtambo unahitaji kuletewa sauti.

Leo sauti hiyo huletwa kwa setilaiti, kwa Mkongo wa Taifa wa faiba uliofika Lindi na Mtwara, au kwa intaneti ya simu. Tukizihesabu juujuu tunapata njia tatu. Tukizichunguza, huenda ni mbili tu, au hata moja. Mnara wa simu ulio karibu na kituo unaweza kuwa unategemea mkongo uleule, hivyo mkongo ukikatika, faiba na simu vinaondoka pamoja. Mkondo wa mtandaoni unaotoka studio ya Dar es Salaam kwenda Lindi unaweza kuwa unapitia seva iliyoko Ulaya au Marekani; sauti inavuka bahari kwenda na kurudi ili isafiri ndani ya nchi moja. Mkondo wa namna hiyo ndio ulioathirika tarehe 12 Mei, ingawa mikongo iliyokatika siku hiyo haikuwa kati ya Dar es Salaam na Lindi.

Setilaiti nayo ina udhaifu wake. Masafa ya Ku, yanayopokewa kwa madishi madogo ya majumbani, hudhoofishwa sana na mvua kubwa. Masafa ya C huvumilia mvua, ila yanataka dishi kubwa, na dishi kubwa hushikwa na upepo. Kwa kituo cha pwani, dishi la masafa ya C lililofungwa kwenye msingi wa zege ni gharama inayostahili kulipwa.

Jedwali kwanza

Tuchukue kituo cha studio mbili chenye mnara nje ya mji. Kabla ya kununua chochote, fundi achore jedwali. Upande wa kushoto aandike vyanzo: studio ya 1, studio ya 2, kompyuta ya muziki na matangazo ya biashara, sauti ya Dar kwa faiba, sauti ya Dar kwa dishi, simu ya wasikilizaji, simu ya mwandishi aliye nje, na redio ndogo ya kupokelea TBC Taifa hewani. Juu aandike vifikio: mtambo, kinasa, mkondo wa mtandaoni, studio ya 1, studio ya 2, chumba cha habari. Kila mstari unapokutana na safu, aweke alama: inaruhusiwa, au hairuhusiwi.

Alama za kukataza ndizo zenye thamani zaidi. Studio ya 1 isirudishiwe sauti yake yenyewe, la sivyo spika zitapiga mluzi. Simu ya msikilizaji isiende moja kwa moja kwenye mtambo bila kupita kwa mtangazaji. Anayepiga simu arudishiwe sauti ya studio bila sauti yake mwenyewe ndani yake, kwa sababu akijisikia kwa kuchelewa atashindwa kuzungumza.

Majina nayo yana kazi. Rauta hutoka kiwandani na majina ya namba tupu. Usiku wa mvua, mtangazaji aliye peke yake hatakumbuka kwamba namba 7 ni dishi. Andika DAR-FAIBA, DAR-DISHI, STUDIO-1, SIMU-NJE. Jina liwe lilelile kwenye kioo cha rauta, kwenye waya pande zote mbili, na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Sauti ndani ya swichi

Rauta za zamani zilikuwa na njia panda za umeme: yenye vyanzo 16 na vifikio 16 ilikuwa na makutano 256. Siku hizi sauti nyingi hupita kwenye swichi ya mtandao, kwa mifumo kama Livewire, Dante au WheatNet, na tangu 2013 kuna kiwango cha AES67 kinachoiwezesha mifumo tofauti kuelewana.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti ya stereo isiyobanwa, ya kilohazi 48 na biti 24, ni megabiti 2.3 kwa sekunde. Ukiongeza vichwa vya pakiti inafika karibu megabiti 3. Mkondo mmoja wa picha za televisheni ya HD kwenye waya wa SDI ni gigabiti 1.485 kwa sekunde, yaani karibu mara 500 ya hiyo. Swichi ya gigabiti 1 inaitosha redio ya wilaya na kubaki na nafasi.

Matatizo huanzia kwenye mipangilio. Mikondo hii ya sauti husafiri kwa maltikasti, yaani mkondo mmoja kwa wapokeaji wengi, na swichi isiyofundishwa humwaga kila mkondo kwenye kila tundu. Mikondo 40 ni megabiti 120. Kifaa chenye tundu la megabiti 100 kitazama, na sauti itakatika vipande vipande ingawa kila taa inawaka kijani. Dawa yake ni kuwasha ukaguzi wa IGMP kwenye swichi, na kuhakikisha swichi moja imeteuliwa kuuliza mara kwa mara nani bado anasikiliza. Mwulizaji akikosekana, mikondo huweza kukatika dakika chache baada ya kuwaka, na fundi atabadilisha waya mchana kutwa bila mafanikio.

La pili ni saa kuu. Vifaa vyote lazima vifuate pigo moja la saa, kwa itifaki ya PTP. Teua kifaa kimoja kuwa saa kuu na kingine kuwa msaidizi, kisha vizuie vilivyobaki visigombee nafasi hiyo. Ukisikia vidoko vidogo kila baada ya sekunde kadhaa, kagua saa kabla ya kulaumu kipaza sauti. Kompyuta za ofisi zikae kwenye swichi nyingine kabisa.

Ukimya na tilawa

Rauta hutambua kwamba njia imekufa kwa kusikiliza ukimya. Mpangilio ninaouona mara nyingi ni huu: sauti ikishuka zaidi ya desibeli 40 chini ya kilele kwa sekunde 15, hamia chanzo kinachofuata. Kwa redio ya muziki inafaa. Kwa pwani yetu ni hatari. Msomaji wa Qur'ani hupumzika kati ya aya, na katika rekodi iliyochukuliwa msikitini kwa kipaza sauti cha mbali, sauti yenyewe ni ya chini tangu mwanzo. Rauta itaikatiza tilawa na kuweka muziki juu yake, na hakuna msikilizaji wa Kilwa Kivinje atakayekubali maelezo ya kiufundi. Weka sekunde 30 kwa vipindi vya kawaida, na vipindi vya dini viwe na mpangilio wao wa sekunde 60 na kizingiti cha chini zaidi.

Adhana nayo inadai mpangilio wake. Kwa kuwa Lindi iko kusini ya Dar es Salaam, saa ya kuzama jua hutofautiana. Mwezi Juni jua la Lindi hutangulia kwa dakika kama 7. Mwezi Desemba huchelewa kwa dakika kama 4. Kituo kinachorusha adhana ya magharibi ya Dar mwezi Desemba kinawafuturisha watu wa Lindi kabla ya jua lao kuzama. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba. Kwa hiyo ratiba ya rauta ipangwe sasa: dakika chache kabla ya magharibi ya hapa, kifikio cha mtambo kihamie chanzo cha adhana ya hapa, hata kama Dar inaendelea kuzungumza.

Rauta ya pili iwe mnarani

Vituo vingi huweka rauta moja, studio. Ikiwa kiungo cha studio na mnara kimekatika, akili yote ya rauta hiyo haina msaada, kwa sababu uamuzi unafanyika kabla ya mahali palipovunjika. Kifaa cha pili, kidogo, chenye vyanzo vinne tu, kikae mnarani karibu na mtambo. Mpangilio wake uwe huu: kwanza sauti ya studio, pili dishi lililofungwa palepale mnarani, tatu simu inayopokea yenyewe namba maalumu, nne kadi yenye tangazo lililorekodiwa.

Hiyo simu isidharauliwe. Sauti yake ni nyembamba, kuanzia hazi 300 hadi 3,400, na muziki wake haufai. Lakini neno la tahadhari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa linasikika vizuri, na mvuvi wa kisiwa cha Songo Songo anachotaka kujua usiku huo ni kama avute chombo pwani.

Kuhama kuwe kwa mashine, kurudi kuwe kwa mtu. Ukiacha rauta irudi yenyewe kila faiba inapopata uhai kwa sekunde tano, matangazo yatayumba usiku kucha.

Vipimo, radi na chumvi

Kila njia ipitishwe mlio wa kupimia wa kilohazi 1, uliowekwa desibeli 20 chini ya kilele, kutoka mwanzo wake hadi kwenye mtambo. Usomaji uwe sawa kwa njia zote, ili rauta inapohama msikilizaji asishtuliwe na sauti kubwa. Kidhibiti sauti kifungwe baada ya rauta, kamwe si kabla yake, kwa sababu mchepuko wa masafa ya FM haupaswi kuzidi kilohazi 75 kila upande hata chanzo kikipiga kelele.

Kati ya chumba cha rauta na mnara tumia faiba badala ya waya wa shaba, hata kama ni mita 30 tu: radi ikipiga mnara haitaufuata waya huo hadi kwenye swichi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na vichomekeo hushika kutu kimyakimya. Vifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu. Rauta na swichi zote ziwe kwenye UPS, na zipangwe kukumbuka hali zilizokuwa nayo kabla ya umeme kukatika.

Nenosiri la msimamizi libaki kituoni, kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na nakala ya mipangilio kwenye kadi. Mkandarasi anayeondoka na nenosiri amekuuzia mashine usiyoimiliki.

Siku ya kuchomoa waya

Kazi isipokewe kwa kutazama taa. Msimamizi wa kituo asimame kabatini na kuchomoa DAR-FAIBA kwa mkono wake, huku mtu mwingine akisikiliza redio ya kawaida sokoni. Kisha achomoe kiungo cha mnara. Kisha azime umeme. Kila mara aandike muda wa ukimya. Njia ambayo haijawahi kukatwa makusudi haijulikani kama inafanya kazi.

Mvua za Lindi na Mtwara huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Hidaya ilionyesha kwamba hata Mei si salama. Lindi ilishapigwa na kimbunga Aprili 1952. Hiki si kitu kigeni katika pwani hii. Wasimamizi wa redio za Kilwa, Lindi na Mtwara, fanyeni jaribio hilo kila Oktoba, matokeo yabandikwe mlangoni mwa studio, na nakala ipelekwe kwa kamati ya maafa ya wilaya. Na wewe msikilizaji, una haki ya kuwauliza: tukikatika na Dar leo usiku, tutawasikia kwa njia ipi?