Penseli Pambizoni

Mwalimu hafungui kitabu bila penseli. Huichonga kwa wembe, taratibu, akikinga maganda kwa kiganja ili yasianguke sakafuni, kisha anageuza kurasa hadi pale alipoishia jana. Anaishi Dallas, mtaa huu wa Embu uliobanana pembezoni mwa mji. Ualimu aliusomea chuo cha Kigari, akafundisha shule za msingi hadi akastaafu, na sasa vijana wa mtaa humletea vitabu wanavyonunua kwa bei ya kutupa kando ya barabara, kwenye yale maduka yasiyo na kuta tunayoyaita Inama Bookshop. Napoleon Hill, Dale Carnegie, Robert Kiyosaki, Eckhart Tolle. Vitabu vya kujiendeleza na vya kuamsha roho. Wapo wasomi wanaovicheka, na wapo wanaovishika kama msahafu. Mwalimu huvijibu.

Kwanza huvivika. Akipata karatasi ya kaki ni vyema. Akikosa, kalenda ya mwaka uliopita itatosha, upande mweupe ukitazama nje. Huikunja ukingoni kwa ukucha wa kidole gumba, akaingiza jalada kwenye mfuko wa karatasi bila gundi, maana gundi huvuta mende. Sisi tuliosoma zamani tuliadhibiwa kwa kuleta kitabu uchi darasani. Leo kijana anakunja kitabu katikati na kukitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Nakala yake ya Think and Grow Rich, kitabu kilichotoka 1937, nimekaa nayo usiku hadi usiku mwingine. Hill anamwagiza msomaji aandike kiasi kamili cha pesa anachotaka, tarehe ya kukipata na kile atakachotoa badala yake, kisha alisome tamko hilo kwa sauti kila anapolala na kila anapoamka. Mwingine angeandika mamilioni. Mwalimu aliandika pambizoni karo ya bintiye iliyobaki, hadi shilingi ya mwisho. Penye atakachotoa, akaandika: “Kahawa ya Manyatta na masomo ya jioni.” Chini yake, kwa mwandiko ule ule lakini kwa ncha iliyochoka: “Tarehe imepita. Malipo ya kahawa bado.” Na chini zaidi, karibu na ukingo: “Imelipwa. Ndugu yangu aliuza mbuzi.”

Nimesoma tahakiki ndefu za kitabu hicho, zenye hasira na zenye sifa, na hakuna iliyonifundisha kama mistari hiyo michache. Hill alipimwa kwa mizani ya nyumba moja, akaonekana alipopungua. Wala Mwalimu hakukitupa kitabu. Mbele kidogo, Hill anapohimiza mtu ajizungushie watu wa nia moja, penseli imepita mara mbili chini ya sentensi, na pembeni kuna jina la yule ndugu.

Hivyo ndivyo anavyosoma vyote. Kiyosaki, katika Rich Dad Poor Dad ya 1997, anasema matajiri hawafanyi kazi kwa ajili ya pesa. Jibu: “Na darasa la kwanza afundishe nani?” Lakini anapotenganisha kitu kinachokuingizia pesa na kile kinachokutoa pesa huku ukidhani ni mali, Mwalimu amekubali kwa maneno mawili: “Pikipiki. Mkopo.” Mtu yeyote aliyeona vijana wetu wakipokonywa bodaboda kwa sababu ya malipo machache yaliyosalia ataelewa. Tolle naye anamtaka mtu aishi katika sasa. Pambizo inauliza: “Mbegu za mvua ya Oktoba je?” Kisha, kwa tarehe ya baadaye: “Hata hivyo, nikipalilia, nipalilie tu.” Hafuti alichoandika kwanza. Anaacha majibu yote mawili yakae jirani.

Ufundi huu wa kusoma kwa kujibu haukuzaliwa Dallas. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi akiusemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, akiudai majibu. Self-Help ya Samuel Smiles, iliyochapishwa 1859, ilianzia kwenye hotuba alizowapa vijana wafanyakazi wa Leeds waliokuwa wakikutana jioni kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Na hapa kwetu kulikuwa na Uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapanda hadi makanisa ya miteremko hii ya Mlima Kenya. Mama yake Mwalimu alikuwa mmoja wa waumini wa Uamsho huo. Katika ushirika wao neno likisomwa, mtu alisimama akasema limemchoma wapi, mbele ya jirani aliyemjua kwa jina na kwa deni. Kusoma ukanyamaza kulikuwa kama kutosoma.

Siku hizi watu wanameza. Muhtasari wa kitabu kizima unasikilizwa kwa simu, kasi ikiwa imeongezwa, huku mteja akisubiriwa kwenye kituo cha bodaboda. Kusikiliza si kosa. Babu zetu walipata hekima yote kwa sikio. Lakini aliyemsikiliza mzee aliweza kumkatiza na kumuuliza. Sentensi moja ya Tolle hubandikwa kwenye “status” ya WhatsApp asubuhi, ikifika kesho imefutika, na aliyeibandika hajasema kama imemfaa au imemdanganya. Hata karatasi imeungana na wanaomeza. Nakala za wizi zinazouzwa mitaani zimebana maandishi hadi ukingoni ili kuokoa kurasa. Wino umefifia, na pambizo, pale pa kumjibia mwandishi, hapapo tena. Inaniuma kuliko bei yoyote ya vitabu. Na nakala zilizoandikwa na wazee, nyumba inapohamwa, huuzwa kwa kilo kufungia njugu.

Juzi kijana mmoja alirudisha kitabu alichoazimwa na Mwalimu. Kilikuwa safi, kaki haina hata doa.

“Umekipenda?”

“Sana, Mwalimu. Kimenibadilisha.”

“Ulikataa nini?”

Kijana akacheka kidogo, akasema alikubali chote. Mwalimu akapekua ukurasa baada ya ukurasa, zote nyeupe pembeni. Akachomoa penseli mfukoni, akaitia katikati ya kitabu, akamrudishia.

“Basi hujakisoma, kijana wangu. Nenda nacho.”