Kigawe na Kigawo: Istilahi za Hesabu Mbele ya Mtu Mzima

Istilahi za hesabu za shule ya msingi zimezoeleka mno hata ni nadra mtu kuzifanyia uhakiki. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, watoto wamezikariri, wamezifanyia mtihani, na wengi wamezisahau. Hao waliozisahau ndio wanaonishughulisha hapa, kwa kuwa wapo wanaozirudia wakiwa watu wazima wenye familia, wakijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa. Mtihani huo husimamiwa na Baraza la Mitihani. Mtu asiyepitia sekondari akiufaulu, hupata ruhusa ya kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne.

Nilipokwenda Masasi, kisha nikapanda hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, nilikaa jioni tatu katika darasa la watahiniwa wa namna hiyo. Wengi wao walikuwa wakulima wa korosho. Mkufunzi aliuliza KDS ya 6 na 8. Mama mmoja akajibu kwamba ni 2. Akaulizwa KKS ya namba hizo hizo, akajibu 24. Wenzake wakacheka. Lakini hesabu zote mbili alikuwa amezifanya sawasawa. Alilokosea ni jina tu. Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika hutofautiana kwa irabu moja, na kama kwamba hiyo haitoshi, kile kiitwacho kidogo huleta jibu kubwa, na kile kiitwacho kikubwa huleta jibu dogo. Neno "shirika" peke yake halikumsumbua mtu: huko ni nchi ya vyama vya ushirika. Mkufunzi alisema, "Hayo mkariri tu, mama."

Nilitoka darasani nikiwa nimekusudia kuandika kwamba istilahi hizi ni mbovu. Baada ya kuzitafakari, nimebadili shauri. Waliozibuni waliijua sarufi yao. Kiishio -e huonyesha chenye kutendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa. Kiishio -o mara nyingi huonyesha kitu cha kutendea: kizibo huziba, kifuniko hufunika. Basi 24 ni kigawe kwa sababu ndiyo inayogawanywa, kwa 6 na kwa 8 pia. Na 2 ni kigawo kwa sababu ndiyo inayogawa. Hata ule ukinzani wa kidogo na kikubwa huondoka. Vigawe vya namba havina mwisho, kwa hiyo hutafutwa kilicho kidogo. Vigawo vina kikomo, kwa hiyo hutafutwa kilicho kikubwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha 7 ni 49, na kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Herufi moja tu imeongezwa, lakini ndiyo ile ile inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Kauli hiyo ya kutendua imo pia katika Kimakonde na Kiyao, kwa hiyo mwanafunzi wa Newala anayo kinywani tangu utotoni. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba anayo. Mtoto wa miaka kumi aweza kukariri bila sababu; mtu mzima hukumbuka akijua sababu. Lawama, basi, si ya istilahi, bali ni yetu sisi tunaosanifu neno na kulitoa bila maelezo.

Siwezi kuitetea "namba tasa" kwa namna hiyo. Tasa ni neno zito kwa mwanamke asiyepata mtoto, na darasani hutamkwa mbele ya wanawake watu wazima kana kwamba halina uchungu. Lakini hata tukiliweka hilo kando, sitiari yenyewe imekwenda kinyume. Namba hizi hazizaliwi na nyingine, ila ndizo zinazozaa zote zilizobaki: 6 imetokana na 2 na 3, na 35 imetokana na 5 na 7. Ni wazazi, nasi tumewaita tasa! Shufwa na witiri, kwa upande wao, zimegawa darasa. Waislamu waliijua witiri kutoka katika sala ya usiku yenye rakaa zisizo jozi. Wenzao Wakristo hawakuwa na pa kuishika.

Lililo gumu zaidi ni kwamba karatasi ya Hisabati ya mtihani huo huandikwa kwa Kiingereza. Mama yule niliyemtaja alinieleza hesabu ya mnada bila kalamu: kilo 320 kwa shilingi 2,500 ni 800,000, makato yakiwa shilingi 150 kwa kilo, huondoka 48,000, zikabaki 752,000. Amezidisha na kutoa bila kosa. Lakini karatasini atakutana na vitenzi asivyopata kuvisikia mnadani wala shuleni, na vitabu alivyosomea havimwambii kwamba kigawo chake na neno lile la Kiingereza ni kitu kimoja.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuandaa orodha fupi yenye safu tatu: istilahi ya Kiswahili, sababu ya umbo lake, na mwenzake wa Kiingereza. Kigawe, kigawo, kipeo na kipeuo zitabaki kama zilivyo. Kuhusu tasa, najua kwamba neno lililokaa vitabuni kwa miaka mingi haling'olewi kwa makala moja, na sina hakika kama "namba zazi" lingekubalika masikioni. Walimu wa madarasa ya jioni, wa Masasi, Newala na kwingineko, wanaombwa kuleta maneno ambayo wanafunzi wao wenyewe wameyatumia.